Kwenye Mwamba wa Otieno

Kwa Kijaluo, mahali mashua zinapotua huitwa wath. Neno hilo halidai gati, wala ghala, wala mnara wa taa. Wath yahitaji maji yasiyoficha jiwe la kutoboa chombo, mchanga wa kuvutia mashua juu, na njia ya miguu inayopanda kwenda vijijini. Kwa kipimo hicho, ufuko wa Kenya wa Ziwa Victoria, ambalo wenyeji huliita Nam Lolwe, una bandari nyingi kuliko ramani yoyote ionyeshavyo. Luanda Kotieno ni mojawapo.

Jina lenyewe ni anwani. Lwanda ni mwamba. Kotieno ni kwao Otieno. Msomaji asichanganye na Luanda ya Vihiga, ile iliyo kwenye reli ya Butere. Hii iko kwenye ncha ya rasi ya Uyoma, Rarieda, katika Kaunti ya Siaya. Lami inayoteremka kutoka Ndori huishia majini kabisa. Ng'ambo waona Kisiwa cha Rusinga, na mkono wa kushoto wake Mbita, na nyuma ya Mbita vilima vya Gembe. Maji yaliyo katikati ni mlango wa Ghuba la Winam. Kila chombo kitokacho Kisumu kwenda Entebbe, Musoma au Mwanza sharti kipite mbele ya macho ya watu wa hapa.

Wageni wengi huja kwa ajili ya feri ya Mbita. Huuliza itaondoka saa ngapi, hununua samaki wa kukaanga, kisha hukaa wakitazama maji. Ningewaomba wageuze shingo. Katika fuko hizi, hatua chache kutoka wanapongojea abiria, chini ya mti wenye kivuli kizuri, mara nyingi utakuta mkuku umelazwa juu ya mawe, na mbao mbili za kwanza zimeshapigiliwa ubavuni mwake. Hicho ni kiwanda cha meli. Hakina ukuta wala kibao, na kazi yake haimo katika vitabu vingi vinavyosimulia vyombo vya ziwa hili. Vitabu hivyo huanza na chuma. Nami sina budi kupita kwenye chuma kwanza, maana kisa chake ni cha ajabu.

Karibu na Glasgow, Uskoti, kuna mji uitwao Paisley, kando ya mto mwembamba wa White Cart. Hapo ndipo kampuni ya Bow, McLachlan ilipokuwa ikiunda meli za Ziwa Victoria, ziwa lililo juu ya bara, mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, lisilofikika kwa meli kutoka popote. Ufumbuzi wao ulikuwa huu: meli iliunganishwa kwa parafujo kule kule Paisley, kila kipande kikapigwa namba, kisha ikafumuliwa yote, ikapakiwa makashani na kuvushwa bahari hadi Mombasa. Ikifika ziwani huunganishwa upya, safari hii kwa ribiti za moto, hata isifumuliwe tena.

Ya kwanza iliitwa William Mackinnon, kwa jina la mwanzilishi wa kampuni ya Waingereza iliyotawala nchi hii kabla ya serikali yao. Vipande vyake vilifika Mombasa wakati reli haijafika ziwani. Mizigo ikapewa wapagazi, kila mmoja kama kilo 30 kichwani, kwa safari ya zaidi ya kilomita 900. Vipande vilitupwa njiani, vikaachwa vichakani, vikasubiriana kwa miaka. Meli ilishuliwa Kisumu mwezi Juni 1900. Humo ndani ya bodi lake mlikuwa na jasho la watu ambao hakuna orodha iliyowataja.

Reli ilifika Kisumu tarehe 20 Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandazaji wa reli, ambaye ndiye aliyepiga msumari wa mwisho. Tangu hapo makasha yakaja kwa mabehewa: Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza, na kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza, Usoga na ndugu yake Rusinga. Hebu fikiri juu ya hiyo ya mwisho. Mafundi wa Paisley waligonga chuma na kuandika ubavuni jina la kisiwa ambacho watu wa Luanda Kotieno hukiona wakifungua mlango asubuhi.

Lakini majini hapa hapakuwa patupu kabla ya hapo. Wasuba wa Rusinga na Mfangano husimulia kwamba babu zao walikuja kwa mitumbwi kutoka pande za Buganda na Busoga, wakikimbia vita na ugomvi wa ufalme. Mitumbwi hiyo ilikuwa ya aina ambayo mpaka leo huitwa sese, kwa jina la visiwa vya Ssese. Usiidhanie kuwa gogo lililochimbwa. Gogo lilikuwa mkuku tu, limechongwa kama hori, na juu yake mbao ziliinuliwa na kushonwa moja kwa nyingine kwa nyuzi za mimea, tundu kwa tundu, bila msumari hata mmoja. Mbele, mkuku ulichomoza nje ya maji kama pua. Henry Morton Stanley alipofika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda mwaka 1875 alikuta mamia ya mitumbwi hiyo ikiwa jeshi la majini, mingine ikizidi mita 20 kwa urefu. Yeye mwenyewe alikuwa amelizunguka ziwa kwa mashua yake, Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande kutoka pwani.

Basi tangu mwanzo mambo yalikuwa mawili. Vyombo vya wageni vilikuja vikiwa vipande na kuunganishwa. Vya wenyeji vilizaliwa ufukoni. Tofauti yao iko ndani zaidi ya mbao na chuma, na ningependa kukaa hapo kidogo, kwa sababu ndiyo inayonirudisha kila mara chini ya ule mti.

Meli ya chuma huanza na mifupa. Mchoro huchorwa, mataruma husimamishwa, kisha ngozi ya bamba huvikwa juu yake. Mashua ya sese huanza na ngozi. Fundi hulaza mkuku, hupandisha omo kwa jiwe mpaka jicho lake liridhike, halafu hupigilia ubao wa kwanza huku na wa kwanza kule. Mlalo wa mbao hizo mbili ndio unaoamua kila kitu: zikilala sana, chombo kitakuwa kipana na kitulivu lakini kizito wa mwendo, zikisimama, kitakata maji vizuri na kumwaga watu. Hakuna mchoro. Kuna kamba, kuna tezo na randa, na kuna kumbukumbu ya mashua zote alizowahi kuunda. Ubao hukazwa kwa kamba na gongo hadi ukubali kujipinda, kisha hushikwa kwa msumari kabla haujabadili nia. Mataruma huja mwisho, yakikatwa yafuate umbo ambalo mbao zimekwisha kulichagua.

Ukitaka kumwuliza fundi jambo wakati huo, mwite Jaduong', yaani mzee, umsabahi, kisha ungoje amalize ubao alioushika. Swali likija kati ya gongo na msumari halina bahati.

Baada ya mbao huja kalafati. Pamba husokotwa na kushindiliwa kwenye kila ungo la mbao mbili. Juu ya ungo hutandikwa ukanda mwembamba wa bati, mara nyingi uliokatwa kutoka kwenye debe, ukapigiliwa misumari midogo iliyokaribiana kama mshono wa cherehani. Hapa ndipo mimi huona nyuzi za kale. Kamba ya kushonea ilikwisha ondoka misumari ya dukani ilipofika, lakini mkono bado unatembea vilevile, kufuata ungo, pigo baada ya pigo, omo hadi tezi. Kisha rangi, kisha jina. Majina ni ya mama, ya mabinti, ya timu za mpira, ya aya za Biblia. Mwenye mashua hulichagua kwa uangalifu kama wa mtoto.

Uyoma haikuupokea ukoloni kwa ukimya. Mwaka 1899, vipande vya William Mackinnon vikiwa bado vinakusanywa, C. W. Hobley, ofisa wa utawala wa Waingereza, alikuja na askari na kuwatesa watu wa rasi hii kwa kuteka mifugo yao kwa maelfu. Kodi ya nyumba ikafuata. Nchi iliyopoteza ng'ombe iliutazama ufuko kwa macho mengine. Na mwaka 1905 Mnorwe mmoja alileta Kisumu nyavu za kitani, za kutega wima majini zikamnasa samaki kwa matamvua. Kabla ya hapo samaki walivuliwa kwa mitego ya kusuka, mikuki, na kokoro za mafunjo karibu na ufuko. Wavu mpya ulitaka maji marefu, maji marefu yalitaka mashua, na mashua zikaongezeka. Tanga la pembetatu, lililofika ziwani pamoja na wafanyabiashara Waarabu na Wahindi na majahazi yao, likapandishwa kwenye mitumbwi ya wenyeji. Mpaka leo mvuvi wa tanga hutoka alfajiri na upepo wa nchi kavu, hurudi alasiri na upepo wa ziwa, kama aliyeagana na mbingu. Hesabu ya samaki nayo ilibadilika upesi: mtaalamu wa samaki Michael Graham alipofanya uchunguzi wake wa mwaka 1927 na 1928, ngege wa ghuba hili alikuwa ameanza kupungua, naye akashauri matundu ya nyavu yasipungue inchi 5.

Juu ya vita sitasema mengi. Meli za Kisumu zilifungwa mizinga, Sybil ikakwama upande wa Wajerumani mwaka 1914 na kuopolewa mwaka uliofuata, na Juni 1915 meli hizo zilibeba wanajeshi kwenda kuishambulia Bukoba. Kutoka ufuko wa Uyoma walionekana wakipita.

Pigo lililobadilisha zaidi maisha ya ghuba lilikuja kwa nchi kavu. Mwaka 1931 reli ilifika Kampala moja kwa moja, na shehena ya Uganda haikulazimika tena kuteremshwa Kisumu. Mapema miaka ya 1930 hiyo hiyo Bow, McLachlan ilifunga milango, na kule kando ya White Cart nyundo zikanyamaza. Kisumu iliendelea: Victoria ilianza kazi mwaka 1961, na Uhuru, ya kubeba mabehewa ya treni, ikashuliwa mwaka 1966. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Victoria na meli nyingine, Umoja, zikabaki Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya. Meli ndogo za reli, kama Alestes na Tilapia, ziliendelea kuzunguka ghuba zikitia nanga Kendu Bay, Homa Bay, Asembo Bay, hadi nazo zikachoka moja moja. Gugu maji lilipofunika ghuba miaka ya 1990, Bandari ya Kisumu ilikuwa kama shamba.

Nimezitembelea gati hizo. Ya Asembo Bay iko kwenye ufuko huu huu wa kaskazini. Zege lake lilimwagwa kwa ajili ya meli isiyokuja tena, na watoto huitumia kupigia mbizi. Pale Kisumu nilikuta mabaki ya Usoga yameketi majini, kutu tupu. Luanda Kotieno haikuwa na cha namna hiyo cha kupoteza. Meli kubwa ilipoacha kuja, watu walivuka kama walivyovuka siku zote, na kazi ya kuwavusha ilirudi kwa fundi wa mbao.

Kisha akaja samaki aitwaye mbuta. Alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akatulia kama mgeni mwenye adabu, na miaka ya 1980 akajaza nyavu. Alimeza fulu, wale samaki wadogo wa mamia ya aina, akaleta viwanda vya minofu na malori yenye barafu yaliyoteremka hadi mchangani. Watu wasiokuwa na uhusiano wowote na ziwa, walimu, wenye maduka, wajane wenye akiba, waliagiza mashua. Nadhani mafundi hawajapata kuwa na kazi nyingi kama wakati ule. Umbo nalo likabadilika. Sese ya kale ilichongoka pande zote mbili. Injini ya nje haikuwa na pa kufungwa. Tezi ikakatwa, ikawekwa ubao mpana uliosimama wima, na kwenye ubao huo Yamaha ikashika nafasi ya mpiga kasia. Wanaohesabu mashua kwa niaba ya serikali huziandika hivyo hadi leo: sese iliyochongoka kote, sese ya tezi bapa, na ile ndogo ya mbao chache, tambarare chini, ambayo wavuvi huiita parachuti. Hiyo ya mwisho huagizwa na asiye na fedha, na maji makali ya mlango wa ghuba si mahali pake. Kila fundi atakuambia hivyo. Na kila fundi ameshaunda kadhaa, kwa kuwa mteja ana watoto.

Mbao ndizo siku hizi zinazosumbua. Mvule, mti ambao maji huuogopa, umeadimika katika vilima vya jirani, na bei ya kipande chake humfanya mtu aguse na kukirudisha. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake mwezi Februari 2018, bei ya mbao zote ilipanda, na serikali haikutangaza kuyaondoa marufuku hayo hadi mwaka 2023. Mafundi wakageukia mikaratusi na misonobari, mbao changa zinazonyonya maji na kuoza mapema. Boti za faiba nazo zinazidi kuonekana. Ni nyepesi, hazivuji, wala hazihitaji kalafati. Nazo hutengenezwa karakanani, kwa kalibu, mbali na ufuko. Siwezi kumlaumu mwenye kuinunua. Ila nikiiona moja imevutwa mchangani kati ya sese tano, huhesabu zile tano.

Mahali pengine kazi kama hii imebaki kumbukumbu tu. Kusini mwa Uingereza, kwenye mto Beaulieu, kuna kijiji kiitwacho Buckler's Hard. Kina mtaa mmoja, mpana ajabu kwa kijiji kidogo namna ile, kwa sababu magogo ya mwaloni yalisukumwa humo kuteremka mtoni. Hapo iliundwa meli ya kivita Agamemnon, ikashuliwa mwaka 1781. Nelson, mwanamaji mashuhuri wa Uingereza, aliwahi kuiongoza, nayo ikapigana vita vya Trafalgar mwaka 1805. Leo kijiji hicho ni makumbusho, kimetunzwa vizuri sana, na watu hulipa kiingilio waone mahali nyundo zilipolia. Luanda Kotieno hakuna makumbusho. Kelele haijanyamaza bado. Lakini ningetaka mtu, chuo au kaunti, aje sasa na daftari na kipimo, apime mikuku, aandike maneno ya mafundi kwa Kijaluo na Kisuba na Kiswahili, wakati ambapo wenye maneno hayo wangali na tezo mkononi. Yale ya Buckler's Hard yalihifadhiwa kwenye hati za jeshi la majini. Haya yamehifadhiwa kwenye mabega ya wazee.

Kisumu yenyewe imeamka. Uhuru ya zamani, baada ya kulala kwa zaidi ya mwongo mmoja, ilirudi kazini mwaka 2019 ikibeba mafuta kwenda Port Bell. Shirika la Kenya Shipyards limeunda humo Uhuru II, yenye urefu wa mita 100, na vijana wa Nyanza wamejifunza kulehemu chuma cha meli nyumbani kwao. Nafurahi sana. Na mwaka 2021 FlipFlopi, dau lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, lilipakiwa juu ya lori na kuletwa ziwani, chombo kingine kilichofika Nam Lolwe kwa kupitia nchi kavu.

Mwaka uliotangulia, 2020, ziwa lilipanda kuliko lilivyowahi kupimwa tangu mafuriko ya miaka ya 1960. Maji yaliingia kwenye vibanda vya samaki, yakameza vyoo na mizani na miti ya kivuli. Ufuko mzima wa Kenya ulirudi nyuma. Gati za zege haziwezi kuhama, ndiyo maana nyingi zilizama. Kiwanda cha mashua kilibebwa mkononi: mawe, mkuku, msumeno, na benchi, hadi kwenye mti uliofuata.

Usiku, katika miezi ambayo uvuvi wa omena haujafungwa, taa za wavuvi hujaa mlango wa ghuba kutoka Uyoma hadi Rusinga, na asubuhi wanawake hutandaza omena juu ya nyavu, fedha tupu juani. Kwa vizazi mwanamke hakuruhusiwa kukanyaga mashua ya kuvulia. Sasa wako wanaozimiliki, na fundi hupokea malipo ya awali kutoka mkononi mwao.

Mashua iliyozeeka haiachwi kama Usoga. Ikikataa kalafati, hupinduliwa, na mbao zake hung'olewa moja moja. Zile nzima huwa ukuta wa kibanda au kiti cha kungojea feri. Zilizooza huwa kuni za kukaangia samaki. Misumari hukusanywa na mvulana, mwanagenzi, kwenye kopo. Huketi nayo juu ya mwamba, na kuinyoosha mmoja baada ya mwingine kwa nyundo, akiutazama kila mmoja dhidi ya maji, huku mkuku mpya ukimngoja kivulini.